Nani Shahidi? Vikao vya Rabai, kutoka Moro hadi Kaunti

Mwezi wa Agosti 1846, Johann Ludwig Krapf na Johannes Rebmann walihama Mombasa wakapanda vilima hadi Rabai. Walikuwa Wajerumani waliotumwa na Church Missionary Society ya Uingereza, na hawakuwa na hati ya shamba. Walichokuwa nacho ni ruhusa: wazee wa Rabai waliwasikiliza, wakakubali wajenge. Shuleni tulifundishwa tukio hilo kama mwanzo wa Ukristo huku kwetu. Mimi hulisoma pia kama uamuzi wa matumizi ya ardhi, mojawapo ya maamuzi ya zamani zaidi ya Rabai ambayo yameandikwa. Ila tazama nani aliyeuandika. Si wazee wenye kikao. Ni mgeni aliyepewa kiwanja.

Nimehudhuria vikao vya kaunti vya kutosha, vingine ukumbini na vingine chini ya mwembe, na kila nikitoka hurudi kwa swali hilohilo. Watu wakishatawanyika, ni nani aliyebaki na kumbukumbu ya yaliyosemwa? Kwa sababu ukifuatilia historia ya vikao hapa Rabai, utaona kwamba mwenye kumbukumbu ndiye mwenye uamuzi.

Tuanze kayani. Katikati ya kaya, ndani ya msitu, kulikuwa na uwanja ulioitwa moro. Hapo ndipo wazee wa kambi, yaani baraza kuu, walipokaa kuamua mashamba, mahari, ugomvi wa damu, matambiko ya mvua na kupokea wageni. Kuingia kambi hakukuwa kwa kura. Ulipanda kwa umri, kwa rika lako, na kwa ada ulizolipa. Tusiipake rangi nzuri kuliko ilivyokuwa: kijana alingoja, na mwanamke hakuwa na kiti kwenye baraza lile, hata kama alikuwa na vyama vyake na nguvu zake kwingine. Hawe wangu, yaani nyanya, leo husimama kwenye mkutano wa wadi akamuuliza afisa maswali mpaka afisa akatafuta glasi ya maji. Enzi za kambi asingekaribia moro.

Lakini kambi ilikuwa na jambo moja zito: mashahidi. Mwanaanthropolojia David Parkin alichapisha mwaka 1972 kitabu kuhusu majirani zetu Wagiriama, na jina lake tu linatosha kueleza: *Palms, Wine and Witnesses*. Minazi, tembo na mashahidi. Kwenye nchi ya minazi, mti na ardhi vinaweza kuwa na wenyewe tofauti. Mtu anaweza kuuza au kuweka rehani minazi iliyo shambani, na shamba likabaki kuwa jambo jingine. Sasa utajuaje miaka 20 baadaye nani alinunua nini? Watu waliitwa, tembo likanywewa, wazee wakaona. Kesi ikizuka, wao ndio faili. Ofisi ya ardhi ilikuwa vichwani mwa watu, na watu hao waliishi kijijini ambako ungewapata.

Karatasi iliingia Rabai kwa sura nzuri kwanza. Vituo vya wamishonari vilikuwa vimejaa watoro waliokimbia utumwa wa pwani, na mabwana zao walikuwa wakitishia kuja kuwachukua kwa nguvu. George Mackenzie wa kampuni ya Imperial British East Africa akawalipa mabwana hao fidia, na tarehe 1 Januari 1889 hati za uhuru zikatolewa hapa Rabai. Waliohusika walikuwa zaidi ya 1,400, wengi wao wakazi wa Rabai. Fikiria maana yake kwa mtu aliyekuwa mtoro jana: kipande cha karatasi kilikuwa na nguvu kuliko maneno ya bwana wake wa zamani.

Miaka 20 baadaye karatasi ilionyesha sura nyingine. Sheria ya hatimiliki ya mwaka 1908 ilimtaka kila mwenye ardhi kwenye ukanda wa maili 10 wa pwani aje adai kwa maandishi, mbele ya afisa. Waliokuwa na nyaraka na mawakili, wengi wao mjini, walipata hati. Mijikenda waliokuwa na wazee na minazi kama ushahidi, kwa jumla hawakupata. Ardhi ambayo haikudaiwa ikawa ya serikali. Neno "skwota", ambalo mpaka leo hupigiwa kelele kila kampeni ya Kilifi, lina mzizi hapo. Watu hawakuhama. Mashahidi wao ndio walioacha kutambulika.

Kikao nacho kilibadilika. Sheria ya mwaka 1902 ilimruhusu mkoloni kuteua viongozi wa vijiji, na hao walilipwa na serikali wala si kupandishwa na rika. Mkutano mpya ukapewa jina la zamani la Kiswahili, baraza, yaani lile benchi la mbele ya nyumba ambapo majirani hukaa kupiga soga jioni. Lakini hili halikuwa la soga. Afisa alikuja kutangaza kodi ya nyumba na idadi ya vijana waliotakiwa kwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya wazungu. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza aliwakusanya Wagiriama na kuwalisha viapo wasitii, na mwaka 1914 Waingereza wakailipua Kaya Fungo kwa baruti. Ukitaka kujua mkoloni alilionaje swali la kikao, angalia alichochagua kulipua. Si ghala wala ngome. Ni mahali pa kukutania.

Baadaye yakaja mabaraza ya wenyeji ya wilaya, yaliyoanza katikati ya miaka ya 1920, kisha kaunti kaunsili baada ya uhuru. Ndiyo maana neno "kaunti" halikuwashtua wazee wetu mwaka 2010. Walikuwa wameshaona kaunti, na walikuwa wameshaona ikinyang'anywa. Mwaka 1963 Ronald Ngala, mtoto wa huku Kilifi, alikuwa rais wa jimbo la Pwani chini ya katiba ya majimbo. Novemba 1964 chama chake cha KADU kikavunjwa na kuungana na KANU, na majimbo yakafa. Zilibaki kaunti kaunsili, na kuanzia Januari 1970 hizo pia zilipokonywa shule za msingi, afya na barabara, vyote vikapelekwa Nairobi. Madiwani wakabaki na soko, ushuru na maneno mengi. Kikao cha maana kikawa baraza la chifu, ambako ulienda kusikia, kupiga makofi na kuchangia harambee.

Ndio maana Machi 2013, kaunti mpya zilipoanza kazi, matumaini yalikuwa makubwa. Kilifi ilipata wadi 35. Rabai, iliyokuwa imekatwa kutoka Kaloleni na kuwa eneo bunge lake, ina wadi nne: Mwawesa, Ruruma, Kambe/Ribe na Rabai/Kisurutini. Zahanati, chekechea, barabara za kaunti, maji, masoko, leseni za pombe na mipango ya ardhi vyote vikawa vya kaunti. Na Katiba, kifungu cha 196, ikaliagiza bunge la kaunti kufanya kazi zake wazi na kuwashirikisha wananchi. Si hisani ya MCA. Ni sheria.

Kuna tatizo la umbali, ambalo halitaji sana. Bunge la Kaunti ya Kilifi hukaa Malindi. Kutoka Rabai ni zaidi ya kilomita 100, wakati Mombasa, ambayo si kaunti yetu, iko hapo chini kwa matatu moja. Sheria inasema mlango uko wazi, lakini nauli inaamua nani atauona huo mlango.

Tatizo kubwa zaidi ni kalenda. Watu wengi hukutana na bajeti kwenye kikao cha Mei, kile cha kamati ya bunge, chenye viti vya plastiki na karatasi ya mahudhurio inayopitishwa kabla hata ya dua. Mama anasimama anaomba zahanati iwekewe muuguzi wa usiku. Kijana wa boda anaomba kalvati. Mzee anauliza hati ya shamba, anaambiwa hiyo ni ya serikali kuu. Maombi yote ni ya haki, na mengi yamechelewa. Mpango wa maendeleo wa mwaka huwa umeshawasilishwa bungeni kufikia tarehe 1 Septemba iliyopita. Waraka wa mkakati wa fedha, unaoweka kiwango cha juu cha kila idara, huwa umewasilishwa kufikia 28 Februari. Makadirio huletwa kufikia 30 Aprili. Ukija Mei, unakuta chungu kimeshainjikwa na viungo vimeshatiwa. Wewe unaulizwa kama chumvi inatosha. Na hata ukishinda hapo, mradi wako lazima uwe umo kwenye ule mpango wa miaka mitano, ambao maafisa huuita CIDP. Kama haumo, unaambiwa kwa upole usubiri.

Mahakama zimejaribu kuupa ushiriki huu meno. Mwaka 2014 Mahakama Kuu, katika kesi iliyofunguliwa na Robert Gakuru na wenzake, ilifuta sheria ya fedha ya Kiambu ya mwaka 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Tangu hapo kaunti nyingi zimejifunza somo, ila nadhani nyingine zimejifunza lile jepesi: kukusanya ushahidi kwamba mkutano ulifanyika. Ndio maana karatasi ya mahudhurio haikosekani kamwe. Ina jina lako, namba ya kitambulisho, simu na sahihi. Ulichosema hakimo. Ukifika mbele ya hakimu, karatasi ile itathibitisha kwamba ulikuwepo, na haitathibitisha kwamba ulikataa.

Hapo ndipo naona tumezunguka tukarudi 1846. Tumekaa kikao chetu, na mwandishi ni mwingine.

Mtu atauliza, kwani hili lina uzito gani, si ni kalvati tu? Lina uzito kwa sababu ya ardhi. Mombasa inajaa, na watu wanapanda vilima kutafuta viwanja kupitia Mazeras, barabara ileile linakopita bomba la maji ya Mzima kwenda mjini. Sheria ya mipango ya ardhi ya mwaka 2019 inaipa kaunti kazi ya kusema wapi pawe makazi, wapi pawe viwanda, wapi pabaki kilimo, na inataka wananchi wapewe nafasi ya kupinga. Ndani ya mipaka hiyo zimo kaya za Rabai, Kaya Kambe na Kaya Ribe, ambazo UNESCO iliziorodhesha mwaka 2008 pamoja na kaya nyingine za Mijikenda kuwa urithi wa dunia. Msitu wenyewe una ulinzi wa kisheria. Shamba linalopakana nao ni jambo la mpango wa kaunti, yaani jambo la kikao.

Na wakati tunahitaji mashahidi, tunawaua. Kilifi imejulikana Kenya nzima kwa wazee kupigwa au kukatwa mapanga kwa tuhuma za uchawi. Polisi, viongozi na mashirika ya haki wamesema mara nyingi kwamba nyuma ya tuhuma nyingi kuna ugomvi wa shamba. Mzee anayejua mpaka ulipita kwenye mwembe upi ni kikwazo kwa anayetaka kuuza. Kwa mfumo wa zamani, mtu huyo alikuwa ofisi ya ardhi. Leo mvi zake zinafanywa ushahidi dhidi yake, na wanaoinua panga mara nyingi ni vijana wa rika letu, wa damu yake mwenyewe.

Sitaki turudi kwenye kambi. Hawe wangu asingekubali, na mimi pia. Ninachotaka turithi ni ile kazi ya ushahidi, na kazi hiyo siku hizi haihitaji mvi. Inahitaji mtu wa kwenda kikaoni na daftari, arekodi kwa simu ahadi iliyotolewa, achukue nakala ya mpango wa mwaka, kisha mwaka ujao aje na nakala zote mbili na kuuliza kilichoahidiwa kimepotelea ukurasa gani. Sheria ya kupata habari ya mwaka 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu ombi lako la maandishi. Hilo nimeona vijana wawili watatu wakilifanya, na nimeona sauti ya afisa ikibadilika akigundua kwamba kuna mtu mle ndani anayekumbuka mwaka jana.

Mpango wa sasa wa miaka mitano wa Kilifi unaishia 2027. Ujao, wa 2028 hadi 2032, utaandikwa baada ya uchaguzi wa Agosti 2027, wakati wengi wetu tutakuwa tumechoka na siasa na hatutaki kusikia mkutano wowote. Vikao vyake vitaitishwa wakati huohuo. Kitakachoachwa nje ya mpango huo, mama wa zahanati atakuwa anakiomba bila mafanikio kila Mei mpaka 2032.