Kiwanja cha Maskini: Chama, Ujira na Heshima ya Mfanyakazi



Juma hili tutafakari pamoja swali linaloulizwa mara nyingi: chama cha wafanyakazi kina faida gani? Historia ya Mombasa yaweza kutufundisha.

Tarehe 13 Januari 1947 wafanyakazi wapatao 15,000 waligoma: makuli wa bandari, watu wa reli, wahudumu wa hoteli, watumishi wa majumbani. Bei ya vyakula na kodi za vyumba zilikuwa zimepanda wakati wa vita, ujira ukabaki nyuma. Walikutanika kwenye uwanja walioupa jina Kiwanja cha Maskini, na katika mgomo huo likazaliwa Shirikisho la Wafanyakazi Waafrika. Walirudi kazini baada ya karibu wiki mbili, na baraza la usuluhishi chini ya Jaji Thacker likaongeza ujira, hasa wa wafanyakazi wa kudumu.

Hata hivyo, mwezi Agosti kiongozi wao, Chege Kibachia, alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Kabarnet. Shirikisho likafifia. Nyongeza ilipatikana, lakini sauti ikanyamazishwa, na mgomo mkubwa ukazuka tena bandarini mwaka 1955. Safari hii Tom Mboya, kijana Mkatoliki wa miaka 24, aliwasaidia makuli kufikisha madai yao mezani, wakapata nyongeza ya asilimia 33.

Katika miaka hiyo hiyo bandari ilianza kuwaandikisha makuli, badala ya kumchukua yeyote aliyefika langoni asubuhi. Sababu yaeleweka: kibarua asiyejua kama kesho atapata kazi hawezi kuijenga kazi yenyewe. Mwenye uhakika wa riziki hujifunza, hukaa, na kuionea fahari kazi yake. Lakini orodha ile iliwafungia wengine mlango. Hilo nalo tusilisahau: chama cha haki huwakumbuka pia waliobaki nje ya lango.

Baba Mtakatifu Leo XIII, katika Rerum Novarum ya mwaka 1891, alifundisha kwamba wafanyakazi wana haki ya kuungana, na kwamba ujira usipungue mahitaji ya mfanyakazi mwenye kiasi. Basi sisi tunaoajiri, hata kama ni msaidizi mmoja tu nyumbani, tujiulize: je, tunamsikiliza kabla hajalazimika kugoma?

Mungu awabariki.