Mashabiki kama Wahakiki: Historia Fupi ya Mjadala wa Saibapanki

Makala haya yanadhamiria kuchunguza jinsi wasomaji wa kawaida, yaani mashabiki, walivyochangia kuunda mkondo wa fasihi unaojulikana kama saibapanki. Aghalabu tunapofundisha historia ya fasihi huanza na mwandishi, tukaja kwa kazi yake, kisha tukamalizia na mhakiki aliyebobea. Msomaji huachwa nje. Historia ya saibapanki inatulazimu kuutazama upya mpangilio huo.

Saibapanki ni tawi la bunilizi ya kisayansi lililochipuka Amerika Kaskazini katika miaka ya 1980. Riwaya zake husawiri ulimwengu ambamo makampuni makubwa yana nguvu kushinda serikali, ubongo wa binadamu unaunganishwa na kompyuta, na wahusika wakuu ni wadukuzi, wezi na walalahoi. Kwa ufupi, teknolojia imepaa lakini maisha yamedidimia.

Mashabiki wa bunilizi ya kisayansi walikuwa na mazoea ya kujadiliana tangu zamani. Hugo Gernsback alipoanzisha jarida la Amazing Stories mwaka 1926, alichapisha barua za wasomaji pamoja na anwani zao. Wasomaji wakaanza kuandikiana wao kwa wao, na kufikia mwaka 1930 wakawa na kijarida chao wenyewe, The Comet, kilichotolewa huko Chicago. Kwa hivyo, saibapanki ilipozuka ilikuta baraza la wahakiki wasio na vyeo likiwa limekwisha tandikwa.

Jina lenyewe lilitokana na hadithi fupi ya Bruce Bethke, Cyberpunk, iliyochapishwa mwaka 1983. Mhariri Gardner Dozois alilitumia jina hilo katika gazeti la Washington Post mnamo Desemba 1984 kuwaelezea waandishi wapya, na likanata. Mwaka huo huo William Gibson, Mmarekani aliyehamia Kanada, alichapisha Neuromancer. Riwaya hiyo ilitwaa tuzo tatu: Philip K. Dick inayotolewa na jopo la waamuzi, Nebula inayopigiwa kura na waandishi, na Hugo inayopigiwa kura na mashabiki. Ni nadra majaji, waandishi na wasomaji kukubaliana kiasi hicho.

Hata hivyo, makubaliano hayo hayakuzima ubishi. Katika mfululizo ule ule wa vitabu, chini ya mhariri yule yule, Terry Carr, ilitoka riwaya nyingine mwaka 1984: The Wild Shore ya Kim Stanley Robinson. Huyu aliisawiri Marekani iliyoangamizwa kwa mabomu, ambako watu wachache wanavua samaki, wanalima na kujifunza upya kuishi pamoja. Wasomaji walizilinganisha. Waliomuunga mkono Gibson walisifu kasi ya lugha yake na jinsi alivyoujaza kila ukurasa vitu vya ulimwengu mpya. Waliomuunga mkono Robinson walidai kwamba wahusika wake wana utu, wanakua na kubadilika. Kambi mbili zikatajwa: wanasaibapanki na wanautu. Mwaka 1986 mwandishi Michael Swanwick aliandika makala ya kuzieleza kambi hizo, nayo ikachochea moto badala ya kuuzima.

Silaha kuu ya wanasaibapanki ilikuwa kijarida kiitwacho Cheap Truth, kilichotoka mjini Austin, Texas, kati ya 1983 na 1986. Kilikuwa karatasi tu, kiligawiwa bure, na wasomaji walihimizwa kukinakili na kukisambaza. Mhariri wake, Bruce Sterling, alijificha nyuma ya jina Vincent Omniaveritas, na mwenzake Lewis Shiner akajiita Sue Denim. Ndani yake walivikosoa bila huruma vitabu walivyoviona vichovu na kuvipigia debe vile vya wenzao. Toleo la mwisho lilitangaza kwamba mapinduzi yamekwisha. Mwaka huo huo wa 1986 Sterling alihariri diwani ya hadithi, Mirrorshades, ambayo hadi leo huchukuliwa kuwa kielelezo cha mkondo huo. Miongoni mwa waandishi wake, mwanamke alikuwa mmoja tu: Pat Cadigan.

Hapa ndipo tunapofikia kiini cha hoja yetu. Mwaka 1986 pia Sterling aliandika utangulizi wa Burning Chrome, mkusanyiko wa hadithi za Gibson, akadai kwamba bunilizi ya kisayansi ya mwishoni mwa miaka ya 1970 ilikuwa imezorota. Shabiki mmoja, Jeanne Gomoll wa Madison, Wisconsin, hakukubali. Katika Aurora, jarida la mashabiki wanaotetea haki za wanawake, alimwandikia mwandishi Joanna Russ barua ya wazi. Hoja yake ilikuwa nzito: miaka inayoitwa mikavu ndiyo miaka ambayo wanawake waliandika kwa wingi na kubadilisha utanzu huo. Kusema hapakuwa na kitu ni kuwafuta katika historia. Mwandishi Samuel R. Delany naye baadaye alisema kwamba wanasaibapanki wanatajiwa baba zao huku mama zao wakisahauliwa.

Je, madai haya yana mashiko? Tuzilinganishe kazi zenyewe. Mwaka 1973 James Tiptree, jina la kalamu la Alice Sheldon, alichapisha hadithi ya msichana asiyevutia anayeunganishwa na mitambo ili auendeshe kutoka mbali mwili mwingine mrembo, kwa faida ya kampuni inayouza bidhaa. Kompyuta, kampuni na mwili vyote vimo, miaka 11 kabla ya Neuromancer. Katika riwaya ya Gibson, mdukuzi Case anauona mwili kuwa gereza, na furaha yake ni kuutoroka na kuingia katika ulimwengu wa data. Kwa Tiptree, kuutoroka mwili ndiyo biashara yenyewe ya kampuni, na anayelipa gharama ni msichana. Cadigan naye, katika Synners ya mwaka 1991, anaonyesha kiharusi cha mtu mmoja kikienea kupitia mtandao. Mwili aliodhani ameuacha unamfuata humo humo. Riwaya hiyo ilipata Tuzo ya Arthur C. Clarke mwaka 1992. Ni dhahiri kwamba Gomoll hakuwa analalamika tu. Alikuwa anafanya uhakiki.

Sisi walimu wa Kiswahili si wageni wa mijadala ya aina hii. Mgogoro wa wanajadi na wanamabadiliko katika ushairi, hasa baada ya Kichomi ya Kezilahabi mwaka 1974, uliwashirikisha washairi na wasomaji kwa muda mrefu. Isitoshe, riwaya kama Walenisi ya Katama Mkangi (1995), yenye safari ya kwenda sayari nyingine, huhakikiwa zaidi kama istiara ya kisiasa, na nadra kulinganishwa na bunilizi ya kisayansi. Jina tunalokipa kitabu huamua kitawekwa kando ya vitabu vipi.

Kwa kuhitimisha, historia hii inatufunza mambo mawili. Kwanza, kila mkondo unaojitangaza kuwa mpya unapaswa kuulizwa umemsahau nani. Pili, swali hilo halihitaji shahada. Linahitaji msomaji aliyesoma vitabu viwili na kuvilinganisha kwa uaminifu. Mwanafunzi anayebisha darasani kwamba riwaya hii inaipiku ile asinyamazishwe kwa sababu jibu lake halimo katika mwongozo. Aombwe ushahidi kutoka kwenye kurasa za kazi zote mbili, na wenzake wapewe nafasi ya kumjibu.