Kaya za Wahamiaji Katika Kaunti ya Montgomery, Maryland: Yale Ambayo Sensa Haielezi

Mwenye kutaka kujua hali ya wahamiaji wa nchi yoyote aghalabu huanza kwa kutazama majedwali ya sensa. Majedwali hayo yana manufaa makubwa. Hata hivyo, kila jedwali limejengwa juu ya fasili, na kila fasili ina historia yake. Makala haya yanakusudia kuonyesha, kwa mfano wa Kaunti ya Montgomery katika Jimbo la Maryland, Marekani, namna fasili ya kaya inavyoweza kuificha haja ya lugha iliyomo ndani ya nyumba. Jambo hili latuhusu sisi wataalamu wa lugha za Kiafrika, kwani wasemaji wa lugha hizo wamo katika nyumba zinazohesabiwa.

Montgomery imepakana na jiji la Washington upande wa kaskazini-magharibi. Mwaka 1950 ilikuwa na watu 164,401. Kufikia mwaka 1970 walikuwa 522,809. Ongezeko hilo lilitokana hasa na watumishi wa serikali kuu na jamaa zao, ambao wengi walikuwa Wazungu, waliohamia viungani baada ya Vita Vikuu vya Pili. Sheria ya uhamiaji ya mwaka 1965 ndiyo iliyobadili mkondo huo. Ilifuta mgawo wa asili ya kitaifa uliowapendelea watu wa Ulaya ya Kaskazini na Magharibi, ikawapa kipaumbele jamaa wa walioko na wenye ujuzi. Wakaja pia Wahabeshi waliokimbia utawala uliofuata mapinduzi ya mwaka 1974, na Wasalvador waliokimbia vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1980 hadi 1992. Sheria ya mwaka 1990 nayo ilianzisha bahati nasibu ya viza, mlango ambao Wakenya wengi waliupitia kuingia Marekani. Mwaka 2010 kaunti ilikuwa na watu 971,777, na Wazungu wasio wa asili ya Kihispania walikuwa wamepungua chini ya nusu. Mwaka 2020 idadi ilifika 1,062,061, na takriban thuluthi moja ya wakazi walikuwa wamezaliwa ng'ambo.

Sheria iliyojengwa juu ya ujamaa huzaa kaya za ujamaa. Ndugu humwita nduguye, na mwana aliyepata uraia huwaita wazazi wake. Hivyo bibi, mwanawe na wajukuu hujikuta chini ya paa moja. Sensa ya Marekani nayo hupanga watu wa nyumba kwa kumtaja mmoja, kisha kueleza uhusiano wa wengine naye. Hadi mwaka 1970 huyo aliitwa mkuu wa kaya, na mke aliyeishi na mumewe hakuweza kuwa mkuu. Tangu mwaka 1980 hutajwa yule ambaye nyumba imenunuliwa au kupangwa kwa jina lake.

Kuhusu lugha, katika kaya zinazochaguliwa kwa sampuli, kila mwenye umri wa miaka mitano au zaidi huulizwa kama husema lugha nyingine nyumbani, ni lugha gani, na Kiingereza hukisema vizuri kiasi gani. Kutokana na majibu hayo, kaya huhesabiwa kuwa na upungufu wa Kiingereza iwapo hakuna hata mmoja wa miaka 14 au zaidi anayekisema vizuri sana. Tuchukue mathalani nyumba ya bibi asiyejua Kiingereza, wazazi wanaokijua kidogo, na mjukuu wa miaka 14 anayesoma sekondari. Kwa ajili ya mjukuu huyo, kaya nzima huondoka katika hesabu ya upungufu. Ni kweli kwamba bibi huonekana katika jedwali la mtu mmoja mmoja. Lakini jedwali la kaya limekwisha kumfanya mtoto mkalimani wa hospitali na wa ofisi, bila yeye kuulizwa.

Zaidi ya hayo, fomu hupokea lugha moja tu kwa kila mtu. Msemaji wa Kikuyu na Kiswahili hana budi kuacha mojawapo. Tena, kabla ya mwaka 2016 majedwali makuu ya lugha yalikusanya lugha za Kiafrika katika fungu moja. Tangu mwaka huo Kiamhari, Kiyoruba na Kiswahili vimetenganishwa, lakini Kiswahili kingali kimefungwa pamoja na lugha nyingine za Afrika ya Kati, Mashariki na Kusini.

Haya si mambo ya wachache wapendao takwimu. Marekebisho ya mwaka 1975 ya sheria ya kupiga kura huagiza karatasi za kura zitafsiriwe kwa wasemaji wa Kihispania, wa lugha za Asia, na wa lugha za wenyeji wa Marekani na Alaska. Lugha za Kiafrika hazimo. Amri ya rais ya mwaka 2000 iliyozitaka idara za serikali kuu kuwahudumia wasiojua Kiingereza vyema ilifutwa mwaka 2025. Pale ambapo amri imeondoka, hoja hubaki kutegemea hesabu. Na hesabu yenyewe tumeiona ilivyo.

Yatupasa basi, tunaposoma takwimu za kaya, iwe za Montgomery au za kwetu, kuuliza kwanza nani amesema kwa niaba ya nani. Bibi yule ana lugha yake. Kazi yetu ni kuhakikisha kwamba imeandikwa.