Maandalizi ya Picha Rasmi ya Kikazi: Mambo ya Kuzingatia kabla ya Kufika Studio

Picha rasmi ya kikazi ni picha ya uso na mabega inayomtambulisha mtumishi, mtaalamu au mfanyabiashara katika tovuti ya taasisi, kipeperushi, kadi ya biashara au tangazo la mkutano. Mara nyingi mteja huiona picha hiyo kabla hajakutana na mhusika. Kwa sababu hiyo, kipimo cha kwanza cha ubora wake ni utambulisho: aliyeiona picha amtambue mhusika bila shaka siku watakapokutana ana kwa ana.

Picha hii ni tofauti na ile ya pasi ya kusafiria, ambayo huongozwa na viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO) vinavyotaka uso utazame kamera moja kwa moja, macho yawe wazi na mdomo ufungwe. Picha ya kikazi huruhusu tabasamu la kiasi na bega moja kutangulia mbele. Hivyo, si vyema kutumia moja mahali pa nyingine.

Mavazi na mwonekano

Vazi linalofaa ni lile ambalo mhusika hulivaa anapotekeleza majukumu yake: suti, gauni au shati la kitenge lililoshonwa vizuri, kanzu na koti, au sare ya taaluma. Kwa watumishi wa umma wa Tanzania, Waraka wa Utumishi wa Umma Na. 3 wa Mwaka 2007 kuhusu mavazi ndio mwongozo wa kuzingatiwa. Nguo ipigwe pasi na kujaribiwa siku moja kabla. Vitambaa vyenye mistari myembamba iliyosongamana viepukwe, kwa kuwa huonekana kama vinachezacheza katika picha za kidijiti. Mwenye kuvaa hijabu, kilemba au baraghashia aivae kama kawaida yake, akihakikisha haitupi kivuli usoni.

Aidha, kunyoa au kusuka kufanyike siku mbili au tatu kabla, ili ngozi itulie. Mafuta mazito ya kupaka hung'arisha paji la uso chini ya taa. Poda kidogo au kitambaa safi hutosha kuondoa mng'ao huo. Mwenye kuvaa miwani kila siku aje nayo, na mpiga picha apandishe taa juu kidogo ili vioo visiakisi.

Mwanga na ngozi

Kasoro inayojitokeza mara kwa mara ni uso kutoka mweusi kupita ulivyo. Kamera hukadiria mwanga kwa wastani wa eneo lote lililo mbele yake. Ukuta mweupe na shati jeupe vinapotawala, hupunguza mwanga, na uso wa mwenye ngozi nyeusi hupoteza maumbo yake. Suluhisho ni kupima mwanga usoni na kuchagua mandhari ya nyuma yenye rangi tulivu, kama kijivu au buluu. Anayetumia simu janja aguse uso kwenye kioo cha simu kabla ya kupiga, na mhusika asimame karibu na dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja.

Vilevile, kamera iwe usawa wa macho, umbali wa mita 1.5 hadi 2. Simu ikisogezwa karibu mno, pua huonekana kubwa na masikio hurudi nyuma.

Uhariri

Kuondoa chunusi ya muda au uzi uliotokeza kwenye koti kunakubalika. Kubadili rangi ya ngozi, kupunguza umri au kuondoa kovu la kudumu huifanya picha ishindwe kazi yake ya kumtambulisha mhusika, na huweza kumtia shaka mteja.

Haki na matumizi

Picha ya mtu anayetambulika ni taarifa binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya Mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inataka taarifa za aina hiyo zitumike kwa madhumuni yaliyokusudiwa. Kwa upande mwingine, kazi ya mpiga picha inalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Mwaka 1999. Ni vyema pande zote mbili zikubaliane kwa maandishi, kabla ya malipo, mahali picha itakapotumika na iwapo studio inaruhusiwa kuitundika kama tangazo.

Mhusika aombe nakala yenye ubora kamili. Kwa kuchapishwa katika ukubwa wa sentimita 10 kwa 15, inafaa iwe na takriban pikseli 1,200 kwa 1,800. Ikitumwa kwa WhatsApp, itumwe kama faili la waraka ili isipunguzwe ubora. Mwonekano ukibadilika kwa kiasi kikubwa, picha mpya ipigwe na ile ya zamani iondolewe kila ilipowekwa.