Nguzo tisa za Ziwa na mstari wa Boscovich

Nilikuwa nyumbani Ziwa, nje ya Eldoret, ambako baba mdogo na jirani yake hawasalimiani kwa sababu ya seng'enge. Nguzo tisa za zamani, kila moja imekaa upande wake. Mpaka unapita wapi?

Nikapima kwa tepu, nikaandika programu itafute mstari ulio karibu na nguzo zote kwa njia ya miraba: kila umbali unazidishwa kwa wenyewe, halafu jumla inapunguzwa mpaka mwisho. Nguzo moja iliyogongwa na trekta ikavuta mstari wote hadi ndani ya mahindi ya jirani. Aibu!

Njia hiyo ilichapishwa na Mfaransa Legendre mwaka 1805. Mwaka 1809 Gauss akadai alikuwa akiitumia tangu 1795 (Legendre hakupendezwa hata kidogo). Lakini kuna ya zamani zaidi. Mwaka 1757 padri Mjesuti, Boscovich, alikuwa akitafuta umbo la dunia kwa vipimo vitano vya meridiani: kimoja cha upande wa Quito, kwenye ikweta kama sisi, kingine cha Rasi ya Tumaini Jema, na cha Roma alichokipima yeye na mwenzake Maire. Vilipingana. Yeye hakuzidisha kitu. Alijumlisha ukubwa wa makosa jinsi ulivyo. Kosa kubwa halikupewa kura mbili.

Mbona miraba ikashinda? Hesabu tu. Miraba inatatulika kwa kalamu. Jumla ya Boscovich ina kona, na kalkulasi haipendi kona.

Sasa utamu. Mwaka 1998 Martini na Schöbel walikusanya matokeo haya: upime umbali kwa nomu yoyote, mmoja wa mistari bora hupita kwenye pointi zako mbili. Kwenye anga la vipimo vitatu, bapa bora hupita kwenye tatu, na kuendelea. Na kama nomu ni laini, yaani pointi zote zilizo umbali wa moja kutoka katikati zinachora umbo lisilo na kona, kama duara letu la kawaida, basi kila mstari bora hufanya hivyo.

Kwa mwanaprogramu hii ni zawadi. Nguzo tisa ni jozi 36. Jaribu zote, chagua yenye jumla ndogo, umemaliza!

Ulipita nguzo ya pili na ya nane. (Mpima ardhi wa serikali bado ndiye mwenye neno la mwisho.) Baba mdogo anapoteza kama hatua moja upande wa bondeni. Amesema atafikiria.