Mfupa wa Ishango na namba 46.189

Munamo mwaka 1950, mtaalamu wa Ubelgiji, Jean de Heinzelin, alichimba udongo pale Ishango, mahali mto Semliki unapotoka katika ziwa Edouard, huku Kivu ya Kaskazini. Alikuta mfupa mdogo wa karibu sentimita 10, wenye kipande cha jiwe gumu kwenye ncha. Watu wa kitambo walikuwa wameukata alama nyingi, wakazipanga katika mistari mitatu. Wataalamu wanakadiria umri wake kuwa karibu miaka 20.000.

Tuhesabu pamoja. Mstari mmoja una mafungu ya alama 9, 19, 21 na 11. Mwingine una 19, 17, 13 na 11. Kila mmoja, ukijumlisha, unapata 60. Mstari wa tatu unafika 48. Jumla yote ni 168.

Ule mstari wa pili ndio ulileta maneno mengi. Namba 11, 13, 17 na 19 ni namba tasa, ni kusema hazigawanyiki isipokuwa kwa 1 na kwa zenyewe. Tena kati ya 10 na 20 hakuna ingine. Tuzizidishe: 11 mara 13 ni 143, 17 mara 19 ni 323, 143 mara 323 ni 46.189. Jaribu kuigawanya namba hiyo kwa 2, 3, 5 ao 7: itakataa. Ina vigawanyo 16 tu, na uanzie popote, mwisho utarudi kwa zile nne. Ndiyo sheria ya kila namba nzima inayopita 1: ina ukoo mmoja tu wa namba tasa. Carl Friedrich Gauss aliithibitisha waziwazi mwaka 1801.

Basi, watu wa Ishango walijua sheria hiyo? Hapa sherti tuwe waangalifu. Kujua namba tasa kunadai kujua kugawanya, na mfupa hauonyeshi hilo. Mstari wa kwanza unaonyesha pengine njia ingine: 9 na 11 zinazunguka 10, 19 na 21 zinazunguka 20. Alexander Marshack, yeye, aliona hesabu ya mwezi wa mbinguni.

Lakini jambo moja halina ubishi: mtu alikata alama hizo, akazipanga kwa mafungu, hapa kwetu. Watoto wetu wengi wanafikiri kwamba hesabu ilikuja pamoja na shule ya wazungu. Wengine wanajibu kwa kujisifu kupita kiasi. Njia zote mbili zinatupoteza. Mfupa wenyewe unalindwa Bruxelles, katika jumba la makumbusho, na wanafunzi wetu wengi hawatauona. Alama zake, hata hivyo, zinaweza kuandikwa kwa ubao wa kila darasa. Tuwaachie watoto wazihesabu wao wenyewe, halafu wajiulize: ni nini tunajua, na ni nini tunatamani tu kiwe kweli?