Kaburi la Tabibu John Kirk

Wazigua wa Tanzania ni kaumu ambayo katika karne ya 19 ilitawanywa na njaa na biashara ya utumwa, hata baadhi yao wakafika bonde la mto Juba, Somalia, ambako wajukuu wao wangali wakisema Kizigua. Aliyeipiga vita biashara hiyo kutoka Unguja alikuwa tabibu wa Kiskoti, John Kirk, aliyezaliwa Barry mwaka 1832 na kusomea udaktari Edinburgh.

Kabla ya kulitaja kaburi lake, napenda kutaja jingine. Mnamo Aprili 1862, huko Shupanga kando ya mto Zambezi, Kirk, akiwa katika msafara wa mvumbuzi David Livingstone, alimuuguza Mary, mkewe Livingstone. Lakini homa ilimshinda, akafariki tarehe 27, wakamzika chini ya mbuyu mkubwa.

Mwaka 1866 Kirk alifika Unguja akiwa tabibu wa ubalozi, na mwaka uliofuata akamwoa Helen Cooke, wakajaaliwa watoto, akiwemo John William Carnegie, aliyekuja kuwa kanali. Tarehe 5 Juni 1873, kwa hoja za Kirk na kwa tishio la manowari, Sayyid Barghash, sultani wa Unguja, alitia saini mkataba uliofunga soko la watumwa. Na mwaka 1876 sultani huyo akapiga marufuku misafara ya watumwa ya nchi kavu, amri ambayo kwa watu wa bara naiona kuwa na uzito zaidi.

Kirk alifariki tarehe 15 Januari 1922, akazikwa kwenye uwanja wa kanisa la St Nicholas, Sevenoaks, Uingereza.